Kumbukumbu za Mvita, Nani Analipa?

Wasee wa Mombasa, kabla hamjaipitisha hii posti kwa kidole, tufanye kitu kimoja. Fungueni Katiba ya 2010 kwa simu, mshuke mpaka Jedwali la Nne, Sehemu ya Pili, namba 4. Hapo pameandikwa kazi za kaunti kwenye mambo ya utamaduni. Someni polepole. Kamari ipo. Kasino zipo. Mashindano ya mbio yapo. Leseni za pombe zipo. Sinema, maonyesho ya vidio na kukodisha vidio, vyote vipo. Halafu, baada ya hayo yote: maktaba, makavazi, michezo na shughuli za utamaduni. Mwisho bustani na fuo za bahari.

Yote namba moja. Maktaba na baa kapu moja, makavazi na kasino kapu moja. Unaweza kucheka, mimi pia nilicheka. Lakini siwaonyeshi ili tucheke tu. Nawaonyesha manake wengi wa rika letu wanadhani utamaduni ni kazi ya Nairobi, au ni kazi ya mashirika ya nje yenye miradi na mabango. Kisheria sivyo. Serikali ya kitaifa imebaki na majengo ya kale yenye umuhimu wa kitaifa, kama Fort Jesus. Hayo mengine, maktaba, makavazi ya hapa, ngoma, sanaa, ni kazi ya kaunti. Yaani yalipiwe na zile pesa zile zile ambazo tunazipigia kelele mvua ikinyesha na barabara ikageuka mto.

Hoja yangu ni hii. Anayelipia kumbukumbu ndiye anayechagua kitu gani kitakumbukwa. Na hapa kwetu, tangu zamani, anayelipa ni mtu mwingine. Nataka sasa tulipe wenyewe, kwa bajeti ya kaunti, kwa mstari ambao ukiusoma unaelewa pesa inaenda kwa nani. Na nataka sisi vijana ndio tuudai huo mstari.

Najua tayari kuna mtu anaandika chini hapo "maji kwanza". Nitamfikia, asubiri kidogo.

Tuanze na Ngomeni pale, ambapo nusu ya Mombasa imepiga picha ya Idi. Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596. Mwaka 1698, baada ya kuzingirwa karibu miaka mitatu, ikaangukia mikono ya Waomani. Waingereza wakaifanya gereza kuanzia 1895 mpaka 1958. Sasa swali: ilitokaje kuwa jela ikawa makavazi? Pesa za kuitengeneza zilitoka kwa wakfu wa Gulbenkian, ambao makao yake ni Lisbon, Ureno. Makavazi yakafunguliwa 1960, na 2011 UNESCO ikaiweka ngome kwenye orodha ya urithi wa dunia. Mwaona mzunguko huo? Wareno walijenga, na karne tatu na zaidi baadaye pesa kutoka Ureno ikaiokoa. Sina ugomvi na wao. Mtu kulipia kumbukumbu za babu zake ni jambo la kawaida kabisa. Nauliza tu, na za babu zetu sisi je?

Chukua Muyaka bin Haji. Kama ulisoma Kiswahili cha sekondari umesikia jina lake. Mtu wa Mvita hasa, alifariki 1840, mshairi ambaye alilitoa shairi msikitini akalipeleka sokoni, kwenye mapenzi, siasa, njaa, vita na matani. Mashairi yake yalibaki vichwani mwa watu. Aliyesaidia sana kuyaokoa ni Mwalimu Sikujua, mtu wa hapa hapa Mombasa, aliyeyakusanya na kuyaandika, akishirikiana na mmishenari Mwingereza aliyeitwa William Taylor. Kitabu chenyewe kilitoka 1940. Wapi? Johannesburg. Miaka mia moja kamili tangu mshairi afe. Na karatasi za Taylor zenye mashairi hayo ziko wapi leo? SOAS, London. Yaani kijana wa Kuze, anayepita kila siku kwenye vichochoro vya mji wa Muyaka, akitaka kuiona karatasi yenyewe kwa macho yake, aanze na viza.

Chukua lelemama. Bibi zetu walikuwa na vyama vya ngoma, vyenye vyeo, mashindano na siasa zake kali. Kwenye vyama hivyo wanawake walikuwa na uongozi wao, pesa zao na sauti yao. Mwenye kuandika historia ya mambo hayo kwa urefu ni Margaret Strobel, mwanahistoria Mmarekani, na kitabu chake kuhusu wanawake Waislamu wa Mombasa kilichapishwa 1979 na chapa ya Chuo Kikuu cha Yale. Kazi nzuri, nashukuru ipo. Lakini fikirieni: mimi nataka kujua bibi yangu alikuwa anacheza nini na kwa nini, nakwenda kumuuliza Marekani.

Halafu angalieni miaka ya karibu. Mwaka 2014 alifariki Juma Bhalo, sauti ya taarab ya Mombasa. Mwaka huo huo akafariki Profesa Ali Mazrui, akaletwa kuzikwa makaburini kwao, hatua chache kutoka Fort Jesus. Mwaka 2016 akaondoka Zein l'Abdin na udi wake. Mwaka 2017 akaondoka Sheikh Ahmad Nabhany, mzee aliyekuwa akitafuta maneno ya Kiswahili kwa vitu vipya. Ukisema "runinga" watumia neno lake. Watu wanne, miaka mitatu. Mazrui aliacha vitabu vingi, alikuwa na vyuo vikuu nyuma yake. Lakini mambo mengi ya taarab yetu yalibaki kwenye kanda. Kanda zile za zamani, za plastiki, ziko kabatini kwa mama fulani Bondeni, kwenye boksi la viatu, zapigwa na joto na chumvi ya hewa ya bahari. Kila mwaka utepe wazidi kuoza. Hakuna haja ya vita ili kupoteza vitu hivyo. Inatosha kuhama nyumba.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Nilikuwa nasomea historia na Kiswahili. Karo ilikuwa ngumu, na nyumbani kila jioni swali lilikuwa lile lile, "historia itakupeleka wapi?" Ikanipeleka kwenye simu. Leo natengeneza vidio fupi za Mji wa Kale: milango, majina ya mitaa, vyakula, stori za wazee. Nawaambia ukweli wa kazi hii, manake kuna watu wanadhani TikTok imeshamaliza shida. Wanasema vijana wanarekodi kila kitu, serikali ya nini tena.

Mazee, mashine ile inalipa kinachokimbia. Vidio yangu ya viazi karai inakimbia. Vidio ya mahamri na mbaazi inakimbia zaidi. Vidio ya shairi la Muyaka, niliyoisomea siku tano, inatambaa. Silalamiki, ndiyo biashara. Lakini msiniambie soko litahifadhi kila kitu. Soko litahifadhi viazi karai.

Kuna fundi mmoja wa milango ya nakshi, mzee, huniruhusu kukaa karakana kwake nirekodi. Siku moja nikamuuliza, "Ami, yule mwanagenzi wako yuko wapi siku hizi?" Akajibu bila kuinua macho kwenye ubao.

"Yule? Ameshika pikipiki, mwanangu. Simlaumu. Mkono kukaa sawa ni miaka mitatu, minne. Na mimi sina cha kumpa ila chai."

Akanionyesha mfaa, ule ubao wa katikati wa mlango, akanieleza kwa nini ndio huchongwa kwa makini kuliko sehemu nyingine. Kisha akaniuliza, "Na hiyo vidio yako, yamfunza mtu kushika tindo?"

Nikanyamaza. Jibu ni hapana. Vidio ya sekunde sitini inaweza kumfanya mtu apende mlango. Haiwezi kumfanya auchonge. Ili mlango uchongwe, kijana lazima akae na yule mzee miaka mitatu, na katika miaka hiyo mtu lazima amlipie chakula, nauli na kodi ya chumba. Hapo ndipo bajeti inapoingia. Hakuna njia ya mkato.

Sasa kuna wanaosema tuwaachie wafadhili wa nje, wao wanajua na pesa wanazo. Twendeni Zanzibar kidogo, si mbali. Sauti za Busara ni tamasha kubwa la muziki la Mji Mkongwe, tangu 2004. Mwaka 2016 halikufanyika kabisa kwa sababu pesa hazikutosha. Pale Forodhani kuna chuo cha muziki cha DCMA, kimefundisha watu taarab, udi na kanuni tangu 2002. Mwaka 2019 kilitangaza kwamba kiko karibu kufungwa, manake wafadhili walipunguza mkono. Wanafunzi walikuwepo, walimu walikuwepo, jengo lilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu mmoja kwenye ofisi ya nchi nyingine kusema ndiyo.

Na msidhani nchi kubwa zina uhakika. Marekani walikuwa na wakfu wao wa serikali wa historia, lugha na fasihi tangu 1965, na kila jimbo lina baraza lake linalopata pesa kutoka hapo. Aprili 2025 serikali mpya ikakatiza ruzuku nyingi, yakiwemo mafungu ya mabaraza ya majimbo. Watu walikuwa katikati ya miradi, barua ikaja. Nchi tajiri namna ile, kalamu moja.

Kuna na hii ya Lamu. Hati za kale za Msikiti wa Riyadha zilipigwa picha chini ya mpango wa British Library wa kuokoa hati zilizo hatarini, zikawekwa mtandaoni, mtu yeyote duniani azione. Jambo zuri. Oktoba 2023 wadukuzi wakaishambulia British Library, na huduma zake nyingi za mtandaoni, zikiwemo picha hizo, zikazimika kwa muda mrefu. Hati ziko Lamu, msikiti uko Lamu, lakini kijana wa Lamu mwenye simu hakuweza kuziona, kwa sababu ya mdukuzi aliyeingia kwenye kompyuta za London. Sisemi tusiwe na nakala London. Nasema tuwe na nakala Mombasa pia, kwenye mashine iliyonunuliwa kwa bajeti yetu.

Na serikali zetu zinajua kutumia pesa na amri zikitaka. Hilo lisitudanganye. Bahari ilipoanza kula mwamba chini ya Fort Jesus, serikali ilijenga ukuta wa kuzuia mawimbi, mwauona pale. Mwaka 2018 kaunti iliamuru majengo ya katikati ya mji yapakwe rangi nyeupe na buluu, na mji ukabadilika sura mbele ya macho yetu. Kwa hivyo uwezo upo. Ila angalieni unaelekea wapi: ukuta, rangi, lango. Kitu ambacho kinaweza kukatiwa utepe. Mzee anayejua kuchonga hakatiwi utepe. Mama anayejua nyimbo za vugo, mstari kwa mstari, na anajua wimbo gani wa kumwaga siri na upi wa kumsema mtu kwa fumbo, naye hawekwi jiwe la msingi.

Hata jiwe lenyewe, ukiacha kulitunza, haliwezi kujisimamia. Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jengo maarufu kuliko yote Mji Mkongwe Zanzibar, iliporomoka na watu wawili wakafa. Lilikuwa ndani ya eneo la urithi wa dunia, na cheo hicho hakikulishika paa. Jengo likianguka, angalau unahitaji fundi anayejua kulirudisha vile lilivyokuwa. Na kama fundi naye ndiye aliyeshika pikipiki?

Haya, sasa ndugu yangu wa "maji kwanza". Nakusikia. Mimi pia nabeba mitungi, maji ya kisiwani nayajua. Hospitali pia, barabara pia. Lakini hakuna mtu anayesema tuuze dawa tununue udi. Bajeti ya kaunti ina mamia ya mistari, na mingine ni safari, chakula cha warsha, na mahema na spika za sherehe za siku moja. Mimi nalinganisha na hiyo. Hema la siku moja na posho ya mwanagenzi wa mwaka mzima, tupime hayo mawili. Halafu tusisahau mgeni anayekuja Mombasa analipia kitu gani. Bahari iko Diani, iko Watamu, iko Zanzibar. Anaingia Mji wa Kale kwa sababu ya milango, adhana, kahawa, Kiswahili chenyewe. Tuktuk, muuza kofia, mama wa kachri, wote wanakula kwenye sahani hiyo. Na bado sijataja vijana wetu. Kila mtu hapa anajua habari za magenge ya panga na jinsi watoto wa shule wanavyoingizwa. Tunalipia kuwafukuza usiku. Tungelipia pia mahali pa wao kuwa mchana.

Kuna wa pili: "Wataila hiyo pesa." Hili ndilo jibu ninalolisikia sana, na linaniudhi kwa sababu lina ukweli. Wanaweza kuila. Lakini pesa isiyo na mstari wake ndiyo rahisi zaidi kuliwa, manake imejificha ndani ya neno "shughuli" na hakuna anayeweza kuuliza ilikwenda wapi. Ukiwa na mstari unaosema wanagenzi 40, majina haya, mafundi hawa, posho kiasi hiki kwa mwezi, hata mimi niliyeacha chuo naweza kwenda karakana nikahesabu vichwa. Na Msimamizi wa Bajeti hutoa ripoti za kaunti zote kila robo mwaka, zinasomeka bure. Pesa ndogo kwa watu wengi wanaojulikana mtaani ni ngumu kuila kuliko pesa kubwa kwa mwandalizi mmoja wa tamasha.

Wa tatu ndiye namheshimu zaidi. Yeye anasema: serikali ikikulipa utaimba wimbo wake. Msanii atakuwa wa kumsifu mheshimiwa. Na sisi wa Mombasa tuna sababu ya kuogopa hilo. Abdilatif Abdalla, mtoto wa mji huu, aliandika kijikaratasi cha "Kenya: Twendapi?" mwaka 1968, akafungwa kuanzia 1969 hadi 1972, na mashairi aliyoyaandika gerezani ndiyo "Sauti ya Dhiki", iliyotoka 1973. Mwaka uliofuata kitabu hicho kikapewa Tuzo ya Jomo Kenyatta ya fasihi, tuzo yenye jina la rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga. Kwa hivyo najua serikali inaweza kumfunga mshairi kwa mkono mmoja na kumpigia makofi kwa mwingine.

Jibu langu ni kwamba hofu hiyo inatuambia pesa zitolewe vipi. Haituambii zisitolewe. Wanaochagua nani apate wasiwe maafisa wa gavana wala MCA. Wawe mafundi, walimu, washairi, wasomi, wakae kwa kipindi maalum kisha waondoke. Vigezo viandikwe kabla. Majina ya waliopata na kiasi walichopata yachapishwe. Na liandikwe wazi kwamba kupata ruzuku hakumlazimu mtu kutumbuiza kwenye sherehe ya mheshimiwa yeyote. Haya yote yaingie kwenye sheria ya kaunti, ili gavana akibadilika utaratibu usibadilike naye. Somo la Marekani ni hilo hilo: kitu kikikaa kwenye hiari ya mtu mmoja, siku moja mtu huyo ataamka vibaya.

Basi nadai nini hasa? Mambo matatu.

La kwanza, posho ya wanagenzi. Fundi alipwe kufundisha, kijana alipwe kujifunza, kwa miaka isiyopungua miwili. Uchongaji, udarizi wa kofia, uundaji wa jahazi, udi, uandishi wa hati za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Na tusifanye kama Mombasa ni Mji wa Kale peke yake. Kaunti ina wadi 30. Mwanzele na sengenya za ndugu zetu Wamijikenda zina walimu wake pia, Kisauni na Likoni, na nao wanazeeka.

La pili, hifadhi ya sauti na picha hapa kisiwani. Chumba kikavu chenye mashine za kuhamisha kanda, na watu wawili watatu wanaojua kazi. Familia ilete boksi lake la viatu, ipewe nakala, haki zibaki kwake. Vijana wapewe kazi ya kuwarekodi wazee mitaani, kwa malipo. Tayari tuna taasisi ya utafiti wa Kiswahili ya RISSEA chini ya Makavazi ya Kitaifa, iko Mombasa hii hii. Kaunti ishirikiane nayo badala ya kuanza kila kitu upya.

La tatu, ruzuku ndogo ndogo za kazi za lugha na historia: kitabu cha mashairi, tafsiri, igizo, filamu fupi, ramani ya majina ya mitaa. Wadogo zetu wanaosoma mtaala mpya wanaambiwa wachague njia, na kati ya njia tatu za sekondari ya juu kuna Sayansi za Jamii na kuna Sanaa na Sayansi ya Michezo. Serikali imemwambia mtoto wa miaka 15 kwamba njia hiyo ni halali. Basi iwe na kitu mwisho wake. Mimi nimefika mwisho wa njia hiyo, na nimekuta simu na betri ya kukopa.

Sasa tunafanyaje. Juni 2024 rika letu lilifanya jambo ambalo hakuna aliyetarajia. Tulisoma Mswada wa Fedha kipengele kwa kipengele, tukautafsiri, tukaueleza kwa vidio, tukaingia barabarani, na wenzetu hawakurudi nyumbani. Mswada haukutiwa saini. Tulijifunza kusoma pesa za taifa kwa gharama kubwa sana. Lakini bajeti ya kaunti, inayogusa mtaa wako moja kwa moja, ni wangapi kati yetu wameifungua?

Ratiba iko kwenye sheria, haibadiliki. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa Bunge la Kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Mwelekeo wa matumizi, ule waraka unaogawa mafungu makubwa, kufikia 28 Februari. Makadirio yenyewe kufikia 30 Aprili. Kupitishwa kufikia 30 Juni, na mwaka wa pesa unaanza 1 Julai. Katikati ya hizo tarehe lazima wananchi wasikizwe. Mara nyingi tangazo hutoka gazetini kwa Kiingereza, mkutano huwekwa asubuhi ya siku ya kazi, na wanaokuja ni wale wale. Watu wakingoja Aprili wamechelewa; mafungu makubwa yameshagawanywa Februari. Septemba hadi Februari ndiyo miezi ya kusumbua.

Kwa hivyo kila mmoja achukue kazi moja. Mmoja aandike barua ya kuomba taarifa chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016: mwaka uliopita, pesa za utamaduni zilikwenda kwa nani, kiasi gani, na kati ya hizo ngapi zilikuwa mahema? Kisheria wana siku 21 za kujibu. Mwingine amtafute MCA wake amuulize swali hilo hilo mbele ya kamera. Mwingine aende kikao cha wadi, avae kanzu au buibui au jezi, asimame aseme haya mambo matatu kwa Kiswahili, yaandikwe kwenye kumbukumbu za kikao. Wenye kompyuta watafsiri waraka wa Februari kwa lugha ya watu. Sisi wenye kamera tutautangaza.

Barua ya kuomba taarifa nimeshaiandika, kurasa moja na nusu, Kiswahili safi. Naiweka hapo chini muinakili, mbadilishe jina na wadi. Naipeleka yangu Jumatatu asubuhi, na siku ya 21 nitawaletea jibu hapa, liwe zuri au liwe kimya.